Mwacheni Alale

Sauti ya Yasna ilikatika katikati ya wimbo wa upepo. Haikukwaruza kwanza, haikutoa dalili; ilikatika tu kama uzi, na kinywa chake kikabaki wazi mbele ya watoto waliokuwa wamesimama duara kuzunguka jiko la kuni, skafu zimevutwa mpaka puani kama wimbo ulivyoagiza.

Upepo huo, vuuu, vuuu,
funga skafu, vuta juu;
theluji hiyo, shuu, shuu,
vaa buti, inua mguu.

Miguu ilikuwa juu tayari. Kila mtoto alisimama kwa mguu mmoja, akiyumba, akimngoja shangazi, kama walivyomwita mwalimu wao, aseme neno linalofuata, na shangazi hakuwa na neno.

Pembeni akodiani iliendelea. Delmiro Cárcamo, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kidevuni, hakuinua hata kichwa. Alirudia kibwagizo mara moja, kisha akaimba yeye mwenyewe ubeti uliofuata kwa sauti nzito iliyofanana na ngurumo ya greda anayoendesha barabarani. Watoto wakashusha miguu, wakacheka. Yasna akaweka mkono kooni, akajaribu tena. Ulitoka mnong'ono mtupu. Watoto wakadhani ni mchezo mpya, nao wakaanza kunong'ona wote.

"Shangazi, tunanong'ona mpaka lini?" mmoja akauliza, mdomo karibu na sikio lake.

Yasna akatabasamu. Angeweza kulia, lakini tabasamu lilikuwa karibu zaidi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya majira ya baridi, na alasiri ile wazazi wote wa mji wa Villa Lenga wangekuja chekechea kusikiliza nyimbo za theluji na kula maandazi ya boga. Mwalimu msaidizi alikuwa kitandani na mafua tangu juma lililopita. Kwa hiyo Yasna alikuwa peke yake na darasa zima la watoto wa miaka minne. Kumvika mtoto mmoja nguo za theluji ni kazi. Kulivika darasa ni adhabu, maana ukimaliza kumfungia wa mwisho zipu, wa kwanza anataka kwenda chooni. Alifanya hivyo asubuhi na mchana, kila siku, huku akiimba, kwa kuwa watoto bila wimbo hawanyooshi mikono.

Na kazi ile ndiyo iliyokuwa nyepesi. Kazi nzito ilimngoja nyumbani. Mama yake, Bi Ercilia, aliteleza kwenye barafu mbele ya mlango wake majira ya baridi ya mwaka juzi, akavunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kugeuka kitandani bila mtu. Mtu huyo alikuwa Yasna. Kaka yake Waldo, mwenye kiwanda cha mbao ng'ambo ya mto, alikuja kila Jumapili na nyama na ushauri. Nyama iliisha ifikapo Jumanne. Ushauri ulibaki.

Bi Otilia, mpishi wa chekechea, alimwona Yasna akishika ukingo wa meza, akapiga makofi.

"Haya wanangu, barafu zetu zimeiva. Nani anataka kuona jani lake?"

Jana yake walikuwa wameweka mabakuli ya maji uani, kila mtoto na jani lake au ganda lake la chungwa, na usiku baridi ikayagandisha. Sasa zilikuwa sahani ngumu zinazong'aa, kila moja na kamba ya kutundikia. Watoto wakatoka mbio kwenda kuzitundika kwenye mti wa uani, Bi Otilia akiwafuata na kuwakataza kuzilamba, nao wakizilamba.

Ukumbi ukabaki kimya. Yasna alikwenda chumba cha makoti, kwa sababu glavu zote za akiba zilikuwa zimetupwa sakafuni na zilihitaji kupangwa kila moja na mwenzake. Alijua bila kugeuka kwamba Delmiro amemfuata. Alikuwa na harufu ya dizeli na moshi wa kuni, na kwa muda mrefu sasa harufu hiyo ilimfanya Yasna avute pumzi ndefu kuliko kawaida.

Delmiro alikuwa dereva wa greda ya barabara. Majira matatu ya baridi yaliyopita dhoruba ilimkwamisha hapo chekechea siku nzima, akaiona akodiani kuukuu juu ya kabati, akaishusha, akapiga. Watoto hawakumwachia. Akawa anakuja kila Ijumaa akimaliza kuondoa theluji kwenye barabara ya darajani, anaacha greda inanguruma nje, anapiga nyimbo zote za mvua na sakitu na upepo, anakunywa na Bi Otilia ile chai chungu ya huko inayonyonywa kwa mrija, anaondoka. Hakuwa msemaji. Alimtazama Yasna jinsi anavyotazama barabara kabla ya kuipita, akipima theluji ina kina gani. Mwaka uliofuata alimwambia anampenda. Yasna alimwambia angoje kidogo. Kidogo hicho kilikuwa kimekuwa kirefu.

Sasa alikuwa amepewa kazi Cochrane, mji wa kusini kabisa alikokuwa na dada mwenye chumba cha wageni, kwa mkataba wa miaka miwili, na Jumatatu iliyopita alimwomba Yasna waende pamoja. Anaondoka Jumatatu.

Delmiro aliinama, akaokota glavu nyekundu, akaanza kutafuta mwenzake.

"Umefikiria?" aliuliza.

"Nimefikiria nini, Delmiro? Tangu Jumatatu sijamaliza hata wazo moja. Nikianza, mtu ananiita."

Kwa kuwa yeye alinong'ona, Delmiro naye akanong'ona, na hivyo ugomvi wao wote ulipita kwa sauti ya watu wanaochunga mtoto aliyelala.

"Basi nakuuliza kwa kifupi. Unakuja au huji?"

"Unajua mama anasemaje."

"Mama yako anasema mwanamume aliyeachwa na mke ana kasoro, hata kama haionekani. Nimelisikia. Mji mzima umelisikia. Nakuuliza wewe unasemaje."

Yasna alikaa chini kwenye rundo la magodoro madogo ya watoto ya kulalia mchana. Alimtazama yule mtu mkubwa na glavu ile ndogo mkononi, ndevu zimeanza kuingia mvi kidevuni, na moyo ukamuuma, lakini hata maumivu hayo yalifika polepole, kama habari kutoka mbali.

"Mimi sisemi kitu," alijibu. "Sina. Unalielewa neno hilo? Kuja kwangu kuomba mapenzi ni kama kwenda kuomba kuni kwenye banda tupu. Wewe ni mtu mwema. Lakini banda ni tupu."

"Sijaja kuomba kuni."

"Kila mtu anakuja kuomba kuni."

"Miaka mitatu nakuletea, Yasna. Nakuja na mzigo mgongoni, nasimama mlangoni, hufungui. Hunipi hata nafasi ya kuutua."

Neno hilo lilikuwa la kweli, na mtu aliyechoka hapendi neno la kweli. Yasna alihisi hasira ikimpanda, hasira ndogo, kavu, na akaishika kwa kuwa angalau ilikuwa na joto.

"Basi nenda Jumatatu," alisema. "Nenda na greda yako na akodiani yako. Nitakuwa nimepungukiwa mtu mmoja wa kumfikiria."

Delmiro alimpata mwenzake wa ile glavu chini ya benchi, akazikunja pamoja, akaziweka rafuni mahali pake. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa mikono yake.

"Sawa," alisema. Akatoka.

Yasna alitaka kumwita. Alifungua kinywa, lakini sauti yenyewe haikuwapo, na kuinuka kulikuwa mbali kama Cochrane. Aliwasikia watoto uani wakigombania jani la nani ni kubwa. Alijiambia atafumba macho mpaka waingie ndani. Aliegemeza kichwa ukutani, kati ya makoti mawili yenye unyevu, na usingizi ukamchukua kabla hajamaliza kujiambia.

*

Alipofumbua macho, mwanga wa dirishani ulikuwa umegeuka wa kijivu na ukumbi ulikuwa umejaa watu. Alisikia viti vikisogezwa, kikohozi cha wanaume, akodiani, na watoto wakiimba wimbo wa upepo kwa nguvu zao zote. Sherehe imeanza bila yeye. Akakurupuka, na mkono mmoja wenye mifupa ukamkandamiza begani.

"Tulia," alisema mama yake. "Hakuna aliyekufa."

Bi Ercilia alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya magodoro, kofia ya sufu kichwani, koti limefungwa mpaka shingoni, kile chuma chake cha kutembelea kikiwa mbele yake kama uzio. Shuka lake la mabegani, ambalo hakuwahi kulivua tangu mumewe afe, lilikuwa juu ya miguu ya Yasna.

Mama alimsimulia yaliyopita kwa mkato, macho yakiwa kwenye makoti. Waldo alimleta saa tisa. Wakakuta wazazi wamekwisha fika na Bi Otilia anahangaika na watoto na mafuta ya maandazi kwa pamoja. Waldo akaja kumwamsha mdogo wake, maana ni aibu mwalimu kulala watu wamejaa. Mlangoni mwa chumba cha makoti alikuwa ameketi yule mtu wa greda akimfunga mtoto kamba za buti. Alisimama, akaweka mkono kuvuka mlango, akasema, mwacheni alale. Waldo akamuuliza yeye ni nani katika familia hii hata aamrishe.

"Akamjibu nini?" Yasna alinong'ona.

"Akasema yeye si mtu wa familia hii, ndiyo maana anaona." Bi Ercilia alikunja midomo. "Jeuri. Kisha akaniletea kiti, akaenda kuwaimbisha watoto. Anaimba vibaya sana."

Ukumbini watoto walikuwa wakimkosoa Delmiro kwa sauti kubwa kwamba amesema buti kabla ya skafu, na wazazi walikuwa wakicheka.

"Nimekaa hapa nakutazama," mama aliendelea. "Tangu nivunjike sijakuona umelala. Nikilala uko macho, nikiamka uko macho. Nilianza kudhani umezaliwa hivyo. Unakoroma kama marehemu baba yako."

Yasna alivuta shuka lile, akalikunja, akamrudishia mama mabegani. Mikono ya mama ilishika mikono yake hapo hapo, haikuiachia. Ilikuwa baridi, na Yasna akaona kitu ambacho ukali wa mama ulikuwa umemficha muda wote: mwanamke mzee mwenye hofu.

"Nikikuachia uende," Bi Ercilia alisema polepole, "usiku nani atanigeuza?"

Swali hilo lilikuwa limekaa nao nyumbani mezani na kitandani, miaka yote miwili, bila kutamkwa. Yasna alikuwa amejiandaa kulijibu kwa maneno mengi. Sasa hakuwa na sauti ya maneno mengi.

"Waldo," alisema.

"Waldo ana usingizi mzito."

"Hata mimi nilikuwa na usingizi mzito, mama."

Bi Ercilia alimtazama. Alitoa leso mfukoni mwa koti, akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Naogopa, mwanangu," alisema ndani ya leso.

"Najua, mama."

"Na yule mwanamume ana kasoro."

"Ipi?"

"Bado naitafuta," alisema Bi Ercilia. "Nishike, nisimame. Nimekuja kusikiliza nyimbo, sikuja kukaa na makoti."

Waliingia ukumbini hatua kwa hatua. Watoto walikuwa wamegawanyika mezani wakipuliza vijipira vya pamba kwa mirija, mchezo wa dhoruba, na pamba ilikuwa imetua kwenye nywele za wazazi na kwenye ndevu za Delmiro. Walipomwona shangazi, walipiga kelele wote kwa pamoja kumweleza yaliyoharibika. Yasna akawaweka duara kwa mikono tu. Alivuta skafu hewani, akainua mguu, akakanyaga theluji isiyokuwepo, na watoto wakaimba kwa niaba yake. Wazazi nao wakasimama. Wanaume wazima wenye mabuti ya zizini wakainua miguu. Juu ya vichwa vya watoto macho yake yalikutana na ya Delmiro. Hakutabasamu, na Delmiro hakutabasamu. Walitazamana tu, na safari hii yeye Yasna hakuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Giza la alasiri lilianza kushuka maandazi yalipokwisha. Nje theluji ilikuwa imeanza upya na barabara ya darajani ilikuwa imefunikwa. Waldo alisimama mlangoni akichezesha funguo, akamwambia Yasna afanye haraka, ili yeye Waldo awapeleke nyumbani na mama kabla gari halijakwama.

"Mama anakwenda kwako," Yasna alinong'ona.

Waldo alidhani hakusikia vizuri. Aliposikia, alieleza kwa utulivu, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba nyumba yake ina ngazi, kwamba mkewe anaamka mapema, kwamba msumeno wa kiwandani umeharibika, na kwamba mambo kama haya hupangwa. Yasna alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba mama hugeuzwa upande wa kulia kwanza, na kwamba maji ya kunywa yawe ya vuguvugu.

Waldo alimgeukia mama kutafuta msaada. Bi Otilia alikuwa anapita na sinia tupu, naye hakujizuia.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Waldo. Ubebe leo, utatuambia."

"Fungua mlango wa gari, mwanangu," Bi Ercilia alisema. "Baridi inaniingia." Alipokwisha kuwekwa kitini, alishusha kioo, akamtazama Yasna kwa muda, akamwambia ajifunge skafu vizuri. Kioo kikapanda.

Delmiro alikuwa juu ya ngazi ya greda akikwangua barafu kwenye kioo cha mbele. Alimwona Yasna anakuja katikati ya theluji, akaacha kukwangua, lakini hakushuka.

"Nilichokwambia kule ndani," Yasna alianza.

"Ulinong'ona. Sikusikia vizuri."

"Ulisikia."

"Nilisikia," alikubali.

Yasna alisimama chini ya ile mashine kubwa ya manjano, mikono kwapani. Alitaka kusema jambo zuri, jambo la kustahili miaka mitatu, lakini kichwa kilikuwa kizito na theluji ilimwingia kopeni.

"Dada yako wa Cochrane bado ana kile chumba?"

"Kipo."

"Nitakuja likizo hii. Likizo tu, Delmiro. Sijasema ndiyo."

"Sijasikia ndiyo."

"Utaniuliza tena?"

"Lini?"

"Nikiwa nimelala vya kutosha."

Delmiro alifikiri. "Inaweza kuchukua muda," alisema.

"Itachukua muda."

Alishuka ngazi, akampa mkono, akampandisha ndani ya kibanda cha greda, akamfunika magoti kwa koti lake. Kulikuwa na joto humo, na kelele moja tu, ile ya injini, ambayo haikumwita mtu kwa jina. Greda ikaingia barabarani ikisukuma theluji pembeni, na magari ya wazazi yakajipanga nyuma yake, la Waldo likiwa la mwanzo, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani.

Kabla hawajafika darajani kichwa cha Yasna kilikuwa kimeangukia bega la Delmiro. Delmiro akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka greda ikawa inatambaa kama ng'ombe mwenye mimba. Nyuma yake foleni ilizidi kurefuka, taa zote zimewaka ndani ya theluji, na katika msururu ule wote hakuna aliyepiga honi.